Kamba ya Dani

Migori Mjini,
Jumapili, baada ya Adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Itikia kwa sauti Mishi akusikie, maana najua bado umeninunia, na mimi shikamoo yangu siitaki irudi mikono mitupu.

Kiuno kimepoa? Unakikanda kwa maji ya moto kama ulivyoambiwa, au unamwambia Mishi umeshakanda na taulo kavu kau? Na yule mtetea wako kichaa ameatamia, au bado anataga mayai kitandani kwa watu? Wifi yangu Mishi, hujambo na wewe. Najua ndiwe unayeisoma barua hii, kwa kuwa miwani ya mama bado haijaonekana. Soma polepole, usiruke kitu, hata pale nitakapokutaja vibaya.

Mimi ni mzima, nashukuru Mungu, isipokuwa vidole viwili vilivyogongwa na nyundo, na nyundo yenyewe niliishika mimi.

Halafu ndiyo, ndani ya bahasha mna kamba. Si takataka. Ni kamba ya katani iliyosokotwa kwa mkono, na Mishi asije akafungia banda la kuku. Ishike tu mkononi, Mama, mpaka tufike mwisho. Hiyo ndiyo sababu nimeandika barua badala ya kupiga simu, kwani simu haipitishi kamba. Na huko kwenye simu, tangu niondoke, wewe na mimi tunasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya kliniki.

Siku ile nilisema maneno mabaya. Ulikuwa umeanguka mlangoni mwa bafu, kiuno kimevimba, na mimi hofu ikanipanda nikaigeuza hasira. Nikaita nyumba yako mtego wa panya. Nikasema ukikataa kuhamia kwangu Ukunda, penye vigae na choo cha ndani, basi ukianguka tena usiniite. Ukanijibu kwamba hapo hutoki mpaka utolewe kwa jeneza. Nikabeba vyombo vyangu vya kazi nikaja huku bara bila hata kukubusu mkono. Njia nzima nilikuwa najibizana na wewe kichwani, na kila mara nilikuwa nashinda mimi.

Huku ni mbali, Mama. Nimepanga chumba nyuma ya duka la mbegu. Asubuhi kuna baridi ya kukufanya umkumbuke hata usiyempenda. Chakula chao ni ugali, wao wanauita kuon, mgumu kiasi cha kujengea ukuta, kwa omena, dagaa wao, au samaki wa ziwani, na ukishauzoea hutaki kingine. Nazi hakuna. Sokoni nilikuta moja tu, imenyauka, nikainunua kwa kuihurumia. Wenyewe wanazungumza Kijaluo, Kiswahili ni cha sokoni na cha wageni, na changu kinawachekesha mno. Muuza nyanya mmoja huniambia, "Hebu ongea tena kidogo, nitakuongeza nyanya." Basi mimi huongea weee, na nyanya nazila bure. Jina langu limewashinda. Naitwa Nyar Mombasa, binti wa Mombasa, na nimechoka kuwaeleza kwamba Msambweni si Mombasa.

Na ule ufundi wangu, kila nikishuka kwenye gari la kazi watu hutazama nyuma yangu kumtafuta fundi.

Sasa sikiliza kilichonifanya nikae chini niandike.

Mwezi uliopita tajiri wangu wa kazi alipigiwa simu na bwana mmoja aitwaye Otieno. Yuko Nairobi kwenye mambo ya bima, yaani kazi yake ni kufikiria ajali za watu wengine. Kwao ni Magunga, upande wa Homa Bay, karibu na mbuga ya Ruma. Pale kwao mna boma moja lenye nyumba mbili. Moja ni ya matofali, ya Otieno mwenyewe, anayoishi mkewe Akinyi. Ya pili, hatua kama thelathini hivi, ni ya udongo na bati, ya mama yake Otieno, mjane, mtu mzima kukuzidi wewe. Kila mtu anamwita Dani, yaani nyanya, bibi. Macho yake yamekwisha. Hospitali walimwambia ni presha ya macho na amechelewa, sasa anatofautisha jua na kivuli basi. Alikuwa ameanguka mara mbili. Kwa hiyo Otieno akataka chumba kimoja ndani ya nyumba yake ya matofali kitengenezwe, mama ahamie humo awe salama.

Mama, nilikitengeneza chumba kile! Mlango nikaupanua kipite hata kiti cha magurudumu. Ngazi za mbele nikazivunja, nikamwaga zege la mteremko mpole. Vishikio vya chuma nikavitia kitandani, bafuni na chooni. Choo cha kukalia nikakiinua ili magoti yasiteseke. Sakafu nikaipiga brashi ingali mbichi ili isiteleze. Kazi ya wiki tatu. Hata mimi nilitamani kuzeekea humo.

Na wiki zote hizo walinipa chai, wakanisifu, wakanyamaza. Ouma tu, yule mwashi tuliyekuwa naye, ndiye aliyeniuliza siku moja, "Kwani mama mwenyewe amekubali?" Nikamjibu kwa kiburi changu unachokijua, "Mwanawe ndiye anayejenga, yeye atakataa nini?" Ouma akakohoa, akarudi kuchanganya simiti yake.

Otieno akaja kwa livu yake, likizo ya kazini, na Jumapili tukamkaribisha Dani chumbani kwake kupya. Alikuja peke yake na fimbo. Alishika kila kitu kwa mikono yake miwili, vishikio, ukuta, kitasa. Chooni akakaa na nguo zake, akasimama, akakaa tena, akacheka mpaka mabega yakatetemeka. "Nyar Mombasa, mkono yako iko na baraka." Akatuombea dua ndefu ya Kisabato, tukala, nikavimba kichwa kama ndimi niliyemwumba.

Jua lilipoanza kuinama, Dani akainuka. "Ero kamano," akasema, ndiyo ahsante yao. "Wacha sasa niende kwangu nilale."

Otieno akacheka. "Mama, si hapa ndipo utalala?"

Lo! Akinyi akainama kuokota vikombe ambavyo havikuwa vimeanguka.

"Otieno," Dani akasema, "tangu lini mama analala kwa nyumba ya kijana yake ameoa?"

Hapo ndipo nilipolijua lile lililojulikana na kila mtu isipokuwa mimi. Kwao mama halali chini ya paa ambalo mwanawe analala na mkewe. Mchana aje, ale, aoge, ajinyooshe. Kulala, hapana. Ni kwer, ni mwiko, na si wa mchezo. Otieno anaujua vizuri sana. Ila alidhani kwa kuwa mama yake ni Msabato wa kuimba kwaya, kanisa limeshayafuta hayo. "Kanisa ilinifundisha heshima," Dani akamwambia, "haikunifundisha nisahau kwangu."

Otieno akachemka. Akasema basi, yeye hawezi kukaa Nairobi akingoja simu ya msiba, Jumatatu ya wiki inayofuata livu inaisha na mama anaondoka naye. Dani hata sauti hakupandisha. "Nairobi nyumba ni ya landlodi. Huko naweza lala, haina kwer. Lakini niambie kitu moja. Huko nitajua mlango iko wapi?"

Kesho yake Otieno akaenda akamnunulia begi la safari.

Mama, mdomo wangu unaujua, haukuwahi kungoja kuulizwa. Nikamwambia, "Zimebaki siku saba. Nipe hizo, niitengeneze ile nyumba yake." Akanitazama kama nimetukana. "Ile ya udongo? Haishiki hata msumari." Nikasema nishikie wewe hilo begi, ya msumari niachie mimi. Akasema haya, lakini asiporidhika, safari iko pale pale. Siku saba, na moja kati yake ni Sabato ambayo nyundo haigongwi.

Nikamfuata Akinyi jikoni, nikamwuliza. Wiki tatu unanipa chai, hukuweza kunipa na neno moja? Akaweka mwiko wa ugali chini. "Nyar Mombasa, ningesema mimi, watu wangesikia nini? Wangesikia Akinyi anafukuza mama mkwe. Nilijua Dani atasema mwenyewe, na akisema yeye haina shida." Na ni kweli. Kosa lilikuwa langu. Nilipima milango, nilipima kuta, nilipima hata urefu wa kiti cha choo, na mwenye kukikalia anaishi hatua thelathini sikwenda kumwuliza kitu.

Asubuhi tukaingia kwa Dani. Kufika kwenye pazia la chumba cha kulala, Ouma akasimama wima. Otieno naye akasimama. Hawavuki. Chumba cha mama hakiingiwi na mwana wala na wanaume wa rika la mwanawe. Tangu awe mtu mzima Otieno hajawahi kuona kilichoko nyuma ya pazia lile, na ndiyo maana mipango yake yote ilikuwa ya kubahatisha. Basi nikaingia mimi, mwanamke na mgeni, peke yangu na tochi.

Mama, niliona mitego kila mahali. Kizingiti kimeinuka kama ngazi. Kigoda katikati ya njia. Chungu cha maji kando ya mlango, hasa pale mguu unapotua. Nikaanza kazi, nikabeba kigoda, nikasogeza chungu, ndipo sauti ikatoka kitandani.

"Nyar Mombasa. Rudisha."

"Dani, hivi ndivyo vitakavyokuangusha."

"Nani alikuambia? Funga macho."

Nikajifunga mtandio wangu usoni. Akaniwekea mkono wangu begani kwake, tukaondoka kutoka ukingo wa kitanda. Hatua tatu, mguu wake ukagusa kigoda. "Hapa nageuka." Hatua mbili, akasimama. "Unasikia?" Sikusikia kitu. "Sio kwa sikio. Mguu." Nikatulia, na kweli, Mama, ubaridi ukanigusa muundi. Chungu cha maji kinatoa ubaridi! Kabla hujakigusa kimeshakwambia kipo. "Hapo najua mlango iko mkono wa kulia." Halafu kizingiti, kile nilichotaka kukisaga. Akapandisha mguu, akashusha upande wa pili. "Hii inaniambia nimetoka kwangu. Ukiitoa nitajuaje?"

Subhanallah. Nikajaribu peke yangu, nikagonga kitanda, nikagonga ukuta, nikakumbatia nguzo nikidhani ni Dani, naye kacheka huyo mpaka akakaa chini. Mimi niliye na macho mawili na cheti cha ufundi nilipotea ndani ya chumba ambacho yeye anatembea kama mtu anayesoma Alhamdu. Kila kitu nilichokiita takataka kilikuwa kimewekwa na mtu mwenye akili kunishinda, kwa miaka, kwa mguu na mkono.

Nikamwuliza, sasa ilikuwaje ukaanguka? Akina mama wa kanisa, akasema, walikuja kumfanyia usafi kwa upendo. Wakafagia, wakasogeza chungu pembeni kipendeze, wakasogeza na kigoda. Walipokwenda zao akaamka, akageuka pasipo kugeukwa, ukuta ukampokea kwa kichwa. Mara ya pili hivyo hivyo, wageni wengine. Hakumwambia mtu. Miaka miwili alikuwa anawaficha hata hayo macho yenyewe, kwa kuhofia siku wakijua watamhamisha. "Nilijificha, nikaanguka mbili. Ningesema, pengine hata moja singeanguka."

Basi nikaiacha tepu yangu ndani ya begi. Yeye mwenyewe aliikataa. "Hiyo yako inajua namba, hainijui mimi." Dani husokota kamba za katani pajani, za kufungia mbuzi, vidole vyake havitulii. Akasokota moja nyembamba, tukampima kwayo. Fundo la kwanza, goti lake akiketi, ndicho kimo cha kitanda. La pili, pale mkono wake unapotua akiunyoosha kutafuta cha kushika. Si pale kitabu changu kinaposema, ni chini kidogo, amekunjika mgongo. La tatu, hatua yake akiwa mzima. La nne, hatua yake siku magoti yanapouma. Kamba ile ndiyo ikawa fundi mkuu, mimi nikawa msaidizi.

Safari hii niliuliza kwanza. Dani, nani aanze? Akasema Otieno, kifungua mimba, achimbe shimo la kwanza, la nguzo ya mlangoni. Otieno akavua saa yake, akachimba kwa hasira zake zote, shimo likazidi kina tulichotaka. Ukuta wa udongo kweli haushiki skrubu, kwa hiyo nguzo za mkaratusi zimesimama ardhini zenyewe, na upau wa kushikilia umekaa juu yake, umepigwa randa na msasa mpaka hauna kijiti cha kumchoma. Unaanzia kitandani hadi mlangoni. Ndani ya pazia nilifanya mimi peke yangu, Ouma ananipitishia vitu kwa chini kama tunamlisha mfungwa. Kizingiti sikukitoa. Nilikilaza, mteremko mfupi huku na huku, katikati nikaacha ukanda wa kokoto, mguu ujue. Kigoda nikakifukia miguu sakafuni. Chungu nikakijengea kiota cha mbao kisichosogea, hata kanisa zima lije na mafagio. Kutoka mlangoni hadi chooni, nguzo kwa nguzo, nikavuta kamba nene aliyoisokota yeye. Chooni kiti, kwa kimo cha fundo la kwanza.

Jumapili asubuhi Otieno akaja kukagua, begi la mama yake limeshalala ndani ya gari. Akatikisa nguzo. Akavuta kamba. Akasema ni nzuri, lakini nzuri si salama, na kesho wanaondoka kama walivyosema. Akinyi akageukia ukutani.

Dani alikuwa amekaa mlangoni anasokota. "Otieno, kuja. Akinyi, mfunge macho na leso yako."

Mtu wa bima mzima, na shati lake la pasi, akafungwa leso ya maua. "Sasa enda chooni, rudi." Akaanza kwa madaha, mikono mbele, akaikosa kamba, akaingia kwenye migomba. Watoto wa jirani wakacheka kwa sauti, baba yao naye. Dani akamwambia, "Wacha haraka. Tafuta yenye nilikuwekea." Akapapasa mpaka akaipata kamba, akaishika. Hatua, hatua. Kwenye kila nguzo kuna fundo ambalo mama yake alilifunga, na kila fundo si sawa na lingine, moja la mlango, moja la shimo la taka, moja la karibu kufika. Nikaona uso wake unabadilika. Akafika. Akarudi. Alipofika kizingitini mguu wake ukagusa zile kokoto, naye akasimama mwenyewe, hakuna aliyemwambia simama.

Hakuifungua leso. Alibaki amesimama hivyo hivyo, mkono juu ya nguzo aliyoichimbia shimo, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, hivi ndivyo unaona?"

"Hivi ndio naona, nyathina."

Nyathina ni mwanangu. Machozi yalimtoka chini ya maua ya ile leso, na mimi nikajifanya natafuta patasi. Baadaye akaenda garini, akatoa begi, akampa Akinyi awekee nguo za watoto wao. Jumatatu aliondoka peke yake.

Na chumba changu cha wiki tatu? Usicheke. Dani huenda kila mchana kuoga maji moto, anashika vile vishikio na kuimba nyimbo za kwaya hadi barabarani wanamsikia, halafu jua likiinama anashika fimbo anarudi kwake.

Sasa Mama, ishike kamba vizuri. Na wewe Mishi, nilikwambia usiruke kitu.

Tangu siku ile ya mtandio silali vizuri, kwa sababu kila nikifumba macho naingia nyumbani kwako. Naukuta mtungi wako mlangoni mwa bafu, ule niliokuwa nikiukwaa kila siku. Naikuta mbuzi ya kukunia nazi pale pale njiani kwenda jikoni. Nakumbuka ulivyokuwa ukinikaribisha kwa jina kabla sijapiga hodi, nami nikajisifu kwa watu kwamba mama yangu ana roho ya kunihisi. Nakumbuka mchuzi uliotiwa chumvi mara mbili. Nakumbuka siku ya mwisho ya Ramadhani umeshika msahafu unasoma Yasini, sauti yako nzuri kama kawaida, na nilipopita nyuma yako ukurasa uliofunguka haukuwa wa Yasini. Nikadhani umechoka.

Miwani haikupotea, Mama. Mishi, usiende kuitafuta, iache pale alipoiweka.

Na Idi nilipokuja, ni mimi niliyepanga nyumba. Nikasema nakusaidia. Mbuzi ya nazi nikaitupa uvunguni, mtungi nikauhamishia pembeni, nikajipongeza. Siku ya tatu ukaanguka, pale pale ulipokuwa mtungi. Nilipokuuliza ukaniambia ni sabuni. Nikakupigia kelele, nikaita nyumba yako mtego, na wewe umekaa na kiuno kimevimba, unajua ni nani aliyeutega, na ukanyamaza ili nisiumie. Nisamehe, Mama yangu. Nakuangukia miguuni, sina neno kubwa zaidi ya hilo.

Ukunda huendi. Sitalisema tena jambo hilo. Lakini na wewe usijifiche tena, kwa kuwa sababu ya kuogopa kuhamishwa haipo sasa. Mwambie kaka Juma akupeleke ukaangaliwe macho wiki hii. Ya Dani yalichelewa. Yako pengine ni mtoto wa jicho tu, na huyo hutolewa watu wakaona. Na ikiwa si hivyo, basi tutajua tunaanzia wapi.

Kamba hiyo Dani amekusokotea wewe. Nilimsimulia habari zako, akaanza kusokota kabla sijamaliza. Imekaa tupu kwa makusudi. Funga mwenyewe, asikupimie mtu. Fundo la goti ukiketi, fundo la mkono unapotua, fundo la hatua ya siku njema na la hatua ya siku mbaya. Nikija nitajenga kwa kamba hiyo, tepu naiacha huku. Ila kwenye ncha moja utakuta mafundo madogo sita niliyofunga mimi. Hayo ni Ijumaa. Kila Ijumaa fungua moja.

Nisalimie kaka yangu Juma, mume wa huyo anayesoma. Nisalimie shangazi, na jirani yetu muuza mihogo, mwambie huku mihogo ipo lakini hawajui kuitia nazi. Nisalimie mwalimu wangu wa madrasa, akuombee macho. Akinyi anakusalimu. Dani anakusalimu, anasema mko rika moja ingawa nimemwambia unamzidi ujana, akanijibu hayo mngekaa mkayapima wenyewe.

Siku fundo la sita litakapofunguka, keti barazani. Sitapiga hodi. Nitavua viatu kule kwenye mkwaju nije polepole, na wewe utaniambia ni nani.

Mwanao akubusuye mkono ule ambao hakuubusu,
Mwanahamisi

Mishi, kabla hujaikunja barua hii: urudishe mtungi mlangoni mwa bafu. Leo hii. Usibahatishe mahali, mama atakuonyesha kwa mguu.